Mjue Mdudu Anayedumaza Nepia

Wengi wetu sasa tuna kipande cha Nepia cha kulishia ndama na ng'ombe wa maziwa malisho yakikauka. Leo tumtazame mdudu anayeweza kutumalizia akiba hiyo.

Asubuhi na mapema, tikiseni shina juu ya karai jeupe. Mrukaji wa majani ni mdogo kuliko punje ya mchele. Kichwa chake ni kipana, mwili umechongoka nyuma kama kabari, na mabawa yamelala mgongoni kama paa. Miguu ya nyuma ina safu za miiba midogo kama meno ya kitana. Vipapasio ni vifupi, vyembamba kama unywele.

Msimdhanie tunutu. Tunutu hutafuna, jani likabaki na mapengo. Huyu hufyonza utomvu, jani likabaki zima.

Warukaji ni wa aina nyingi, nao wanafanana. Kenya imethibitika kwamba aina iitwayo Maiestas banda hueneza ugonjwa wa kudumaa kwa Nepia. Kuwatofautisha kunahitaji darubini. Watieni kwenye kichupa, mpelekee afisa ugani.

Lakini msisubiri majibu. Nepia iliyokatwa ikichipua mifupi, ya njano, yenye vijani vidogo na machipukizi mengi, ing'oeni na mizizi yake, mwichome. Msichukue vipando hapo, wala msimpe jirani: ugonjwa huu husafiri na vipando pia.

Shina moja leo, au shamba zima kesho.