Kitabu, Spana na Gari Langu

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo katika mkutano wao kijijini.)



Mmeniomba nizungumze juu ya kazi ya mikono. Nadhani Mwenyekiti alitegemea niseme habari za ufugaji wa kuku. Kuku siwajui sana. Ninalolijua ni lile gari mnaloliona pale chini ya mwembe, ambalo watoto wenu wamelipa jina la Kikohozi. Basi leo nitawaeleza jinsi ninavyolitengeneza mwenyewe, taabu yake na faida yake.

Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, ile aina ya tatu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1985. Nililinunua mnadani, mlango mmoja hauna kioo. Lilipoanza kuzimika njiani nikalipeleka kwa fundi. Akatengeneza, nikalipa. Wiki ya pili likazimika tena. Nikarudi. Akafungua boneti, akagusa hapa, akagusa pale, likawaka, nikalipa tena. Nikamwuliza, "Ugonjwa ulikuwa nini?" Akajibu, "Umeme, Mwalimu." Sasa jamani, umeme ni neno kubwa. Ni kama mganga akuambie unaumwa mwili.

Nikanunua kitabu cha gari hilo, spana seti moja, bisibisi mbili, na kile kipimo chenye vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Vyote hivyo havikufikia malipo ya safari mbili kwa fundi.

Tuelewane kwanza jinsi injini inavyofanya kazi. Injini hii ina silinda nne, na ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Hewa na petroli huvutwa ndani, hugandamizwa, halafu plagi hutoa cheche. Petroli huungua na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha moshi hutolewa nje. Cheche hizo hazitoki ovyo. Hugawanywa na chombo kiitwacho distributa, na ndani yake mna platini, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vinapoachana ndipo cheche hutoka. Nafasi kati yake inatakiwa iwe milimita 0.35 hadi 0.40, karibu unene wa ukucha wako. Ikizidi au ikipungua, gari linakohoa.

Nilipofungua nilikuta platini zimeungua, nyeusi kama chungu cha maharage. Nikatia mpya, nikapima nafasi vizuri kabisa. Nikaona nisafishe na plagi, kwa hiyo nikachomoa zile waya nne. Sikuzitia alama. Wakati wa kuzirudisha kwenye distributa nikazipanga moja, mbili, tatu, nne. Mwalimu mzima, nani atanifundisha kuhesabu? Nikapiga stata. Kabureta ikalipuka kama gobore, kuku wa jirani wakatawanyika, na mke wangu akatoka jikoni na ndoo ya maji.

Siku mbili nilikwenda kazini kwa baiskeli. Jirani mmoja akawa anapita kila jioni kuniuliza kama nimeshalivunja lote au bado. Usiku wa pili nikakaa na taa, nikasoma upya. Kumbe katika injini hii cheche hufuatana hivi: silinda ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya nne, ndipo ya pili. Waya zinapangwa hivyo hivyo, kwa kufuata upande ambao rota ya distributa inazunguka. Mimi nilivyozipanga, silinda ya kwanza peke yake ndiyo iliyopata cheche yake kwa wakati. Tatu zilizobaki zilipigwa cheche wakati si wao. Asubuhi nikazihamisha, nikapiga stata, likawaka mara moja na kutulia. Niseme kweli, nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti changu cha ualimu.

Baada ya mwezi platini zikaungua tena. Safari hii sikukasirika, nilifungua kitabu. Kimeeleza kwamba platini zikiungua upesi huenda kondensa imekufa. Hicho ni kikopo kidogo kama kifundo cha kidole kinachozuia cheche zisirukeruke kwenye platini. Nikabadilisha kondensa, na tangu hapo gari halijazimika kwa ugonjwa ule. Ndiyo "umeme" wenyewe niliolipia mara mbili.

Lakini yako mambo ambayo sikutaka kuyasema hapa, na nimeona afadhali niyaseme, maana mama wawili waliokuwamo ndani ya gari wamekaa pale mbele wananiangalia.

Silinda ndogo ya breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja. Nikatia raba mpya. Ukishafungua breki, hewa huingia kwenye mabomba, na hewa hiyo lazima itolewe, kwa sababu hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Ukikanyaga breki yenye hewa unakuwa kama unakanyaga mto wa kulalia. Kazi ile inataka watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga kizibo cha kutolea hewa kule kwenye gurudumu. Mimi nilikuwa peke yangu na nilikuwa na haraka ya kupeleka vitabu. Nikafanya nusunusu. Breki ilikuwa laini kidogo, nikasema itakaa sawa njiani.

Kwenye mteremko wa mtoni nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini. Nikakanyaga haraka haraka mara nyingi, nikaingiza gia ndogo, nikavuta breki ya mkono, na gari likasimama kwenye mchanga, hatua chache kabla ya daraja la miti. Vitabu vilitawanyika. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja akashuka, akakung'uta kanga yake, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hicho kitabu ulikisoma mpaka mwisho?"

Sikukisoma. Ukurasa uliofuata ulieleza kwamba breki ikiwa laini, usiondoe gari.

Siku hizi breki naifanya na fundi yule yule wa "umeme", ambaye kwa breki ni mtu hodari sana. Yeye anafungua, mimi nakanyaga, namlipa. Tunatia mafuta ya breki yenyewe, yaliyo katika kopo lisilofunguliwa siku nyingi, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa. Wako wanaotia mafuta ya injini wakiishiwa. Mafuta hayo huvimbisha raba zote na kuziharibu. Msikubali.

Kazi nyingine nafanya mwenyewe. Nina daftari, na kabla ya kuchomoa waya yoyote nachora picha yake, hata kama picha ni mbaya. Kila waya naifunga kitambaa chenye namba.

Gari liko pale, injini imepoa. Wanaotaka kuona platini waje sasa hivi, ila watoto wasiguse, nakwenda kwanza kuchomoa waya ya betri.