Umepiga Mswaki?

Jana kabla ya kulala, nani alikuuliza kama umepiga mswaki? Kama umepita miaka ishirini, pengine hakuna aliyeuliza.

Leo tuko Marekani, kwa vijana wenye asili ya Meksiko, wale wa Los Angeles, Chicago na San Antonio. Utotoni, msimamizi wa mswaki ni mama. Ndiye anayekumbusha, anayeficha soda, anayejua kliniki ya meno iko wapi. Kisha kijana anahama na kupata kazi ya usiku mgahawani. Mama akipiga simu anauliza, umekula? Meno hayatajwi tena.

Na bima nayo huponyoka karibu na umri huohuo. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inalazimika kulipia meno ya mtoto mpaka atimize miaka 21. Baada ya hapo kila jimbo linajiamulia. Sheria ya mwaka 2010 inamruhusu kijana kubaki kwenye bima ya afya ya wazazi hadi miaka 26, ila matibabu ya meno ya watu wazima hayamo kwenye huduma za lazima.

Sasa anabaki na watu wake. Mwaka 1981 mwanasosholojia James House alieleza kwamba watu husaidiana kwa njia nne: kufarijiana, kushikana mkono kwa vitendo, kupeana maarifa, na kuambiana ukweli wa jinsi mtu anavyoendelea. Kwenye meno, naona tumezidisha maneno. Shangazi anayetisha kwamba "utabaki kibogoyo" hamfikii binamu mwenye gari anayesema, "Jumamosi nakupeleka." Hamfikii hata mwenzako wa chumba anayeacha uzi wa meno kwenye sinki, wala hasemi kitu.

Wengine huvuka mpaka kwenda Meksiko. Los Algodones, mji mdogo wa Baja California, una madaktari wa meno wengi mno kiasi kwamba Wamarekani wameubatiza Mji wa Magego. Wenye jamaa upande wa pili huunganisha mambo: kumsalimu bibi na kuziba jino, safari moja. Lakini jino linalosubiri safari ya Krismasi huenda likafika likiwa la kung'olewa.

Basi, msikilizaji, una mdogo wako aliyehama nyumbani? Mpigie leo. Muulize mara ya mwisho alimwona lini daktari wa meno, kisha muulize amepungukiwa nauli kiasi gani.