Vikapu au Voliboli? Anza na Swali la Jumanne Jioni

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na vijana wanaoanza michezo, kabla ya shule kufungwa.



Nilipokuwa nikiingia, mama mmoja alinishika mkono pale langoni akaniuliza, "Mwanangu ni mfupi. Nimpeleke vikapu au voliboli?" Nikamwambia, "Mama, niruhusu nikujibu mbele ya wote." Najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Jibu langu ni kwamba kimo si swali la kwanza. Sikatai, urefu unasaidia. Kikapu kiko mita 3.05 kutoka chini, na wavu wa voliboli hufungwa mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Lakini mtoto wa miaka 12 bado anakua. Tena, michezo yote miwili ina kazi za mtu mfupi. Katika vikapu, anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake mara nyingi si mrefu. Katika voliboli, mmemwona yule mchezaji mwenye jezi ya rangi tofauti? Huyo ni libero. Nafasi yake iliingizwa katika mchezo mwaka 1998, na kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira inayokaribia kugusa ardhi. Anachohitaji ni macho na miguu myepesi.

Swali la kwanza basi ni hili: Jumanne jioni, shule imefungwa na kocha hayupo, utafanyia mazoezi wapi, na nani?

Nasema hivi kwa sababu mimi sikujiuliza. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa miongoni mwa warefu darasani, na kila mtu aliniambia, "Wewe ni wa vikapu." Nikakubali. Muhula nilijifunza vizuri, likizo ikaniangusha. Nyumbani kwetu ni udongo, na mvua ikinyesha ni matope. Ringi ya karibu ilikuwa mjini, safari ya nauli. Hapo jirani, vijana walikuwa wamefunga kamba kati ya miembe miwili, wanacheza voliboli kila jioni. Niliwapita nikijiambia huo si mchezo wangu. Kila muhula nilirudi shuleni nikiwa nyuma ya wenzangu, na kidato cha tatu nikaacha kabisa. Tangu hapo nimeandika habari za michezo ya watu wengine. Kazi hiyo naipenda, lakini nikipita pale penye miembe najua nilikosa jioni nyingi za kucheza na marafiki.

Sasa tulinganishe michezo yenyewe.

Uzuri wa vikapu kwa anayeanza ni kwamba unaweza kujifunza peke yako. Ukiwa na mpira mmoja na sakafu ngumu, utadunda kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Ukipata ringi, utarusha mpaka giza liingie. Kama eneo lenu lina ringi moja tu, msikate tamaa. Mchezo wa watatu kwa watatu hutumia nusu ya uwanja na ringi moja, na tangu Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ni mchezo wa Olimpiki kamili. Ugumu wake ni mbio nyingi, kugeuka ghafla na kugongana. Anayeanza atachoka haraka, na bila viatu vinavyoshika vizuri, kifundo cha mguu kitaumia.

Voliboli ni kinyume chake. Mahali pa kuchezea ni rahisi kupata. Uwanja wake ni mita 18 kwa 9, ilhali wa vikapu ni 28 kwa 15, zaidi ya mara mbili ya eneo hilo. Nyasi zinafaa, mchanga unafaa, na wavu unaweza kuanza kama kamba. Timu hutenganishwa na wavu, kwa hivyo kugongana ni kwa nadra. Mzazi mwenye hofu ya mtoto kuumizwa, au aliyeacha michezo miaka mingi, ataanza kwa utulivu zaidi.

Lakini niseme ukweli: wiki za kwanza za voliboli zinavunja moyo. Mpira hauruhusiwi kushikwa, na timu ina miguso mitatu tu kabla ya kuuvusha. Mpira unaruka ovyo na vigasha vinakuwa vyekundu. Halafu huwezi kujifunza peke yako kwa muda mrefu. Unahitaji angalau mwenzako mmoja. Kwa wanaoanza, shusheni wavu na mtumie mpira mwepesi. Wengi wanaoacha huacha kabla hawajaonja raha ya mpira kupita juu ya wavu na kurudi mara tano au sita bila kuanguka.

Na tusidhani mmoja kati ya michezo hii ni wa wengine. Malkia Strikers wameipeperusha bendera ya Kenya kwenye Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Timu yetu ya wanaume ya vikapu, Morans, ilirudi katika mashindano ya mataifa ya Afrika mwaka 2021 baada ya kukosekana kwa miaka 28. Njia zote mbili zipo wazi.

Ushauri wangu kwa likizo hii: jaribuni michezo yote miwili, wiki mbili kila mmoja. Kateni kucha, vueni pete, okoteni mawe na chupa uwanjani kabla ya kuanza, na mbebe maji. Mwisho wa mwezi msiulize ni mchezo gani mtoto anaufaulu. Ulizeni ni upi alioufanyia mazoezi bila kusukumwa. Kama mtaani kwenu hakuna ringi wala wavu, mwelezeni afisa wa michezo wa wadi, na mlisema pia kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti. Uwanja usioombwa hauandikwi.

Na wewe mama wa langoni, nimekuona umeketi pale. Ukifika nyumbani, usimpime mwanao kwa futi. Toka naye nje jioni, mtazame pamoja: kuna sakafu ngumu karibu, au kuna miti miwili na watoto wa jirani? Anzeni hapo.