Kompyuta ya Zamani Isitupwe



Wengi wetu tukaao Kangemi na Kawangware tuna kompyuta za mezani za zamani, na watoto wanataka intaneti kwa masomo. Tusidanganywe kuwa sharti tununue mpya. Huko mjini, Luthuli Avenue, zinauzwa adapta ndogo za waifai, za kuchomekwa katika tundu la USB. Kabla ya kulipa tuulize kama inapatana na kompyuta yetu, tena tudai risiti.

Adapta bila draiva ni gari moshi bila dereva. Basi kwanza tuunge simu kwa waya wa USB, tutumie intaneti yake kushusha draiva hiyo. Adapta ichomekwe mbele, si nyuma, kwani sanduku la chuma huzuia mawimbi.

Mshahara ni jasho letu. Tusiutupe ovyo.