Kufunga Hesabu Kabla Bwana Hajafika

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi, mwanzo wa Majilio)

 

Tumeingia Majilio. Wengi wetu tunadhani majuma haya manne ni ya kungojea Krismasi tu. Lakini masomo ya Dominika ya kwanza hayatupeleki Bethlehemu. Yanatuambia juu ya Bwana atakayerudi kutuhukumu, nasi tukeshe.

Tukiulizwa tunajiandaaje, tunajibu haraka: kusali, kufunga, kuungama. Ni kweli. Lakini sisi watu wa vikundi tunajua jambo moja kuhusu hesabu. Mkaguzi akija, hatuulizi tumeimba vizuri namna gani. Anataka daftari, risiti na sanduku la pesa. Mweka hazina akilia mbele yake, machozi hayaandikwi kwenye mapato.

Mtazameni Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru kule Yeriko (Luka 19). Hakuishia kuomba radhi. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumlipa mara nne. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2412, nayo inafundisha kwamba haki inadai mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe. Padre akishatuondolea dhambi, imeondoka. Lakini zile shilingi mia tano za jirani bado ziko mfukoni mwetu, si ndiyo? (Hapa watu huguna. Tumezoea.)

Sasa tusome Mathayo 25. Wale wa mkono wa kushoto hawakushtakiwa wizi. Walishtakiwa kwa yale ambayo hawakuyatenda: mwenye njaa hawakumlisha, mgonjwa hawakwenda kumwona. Kwa hiyo kikundi kinaweza kuwa na daftari safi kabisa na bado kikashindwa siku ile.

Tuwape kisa, bila kutaja kikundi, maana na sisi tumo. Kikundi fulani cha akina mama kilikuwa na sheria: anayekosa mchango mara tatu anatolewa, na hisa zake zinabaki kwa kikundi. Mama mmoja akaugua. Akakosa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbuzi wa maziwa aliyekuwa zamu yake akapewa mwingine. Katiba ilifuatwa neno kwa neno. Sisi maofisa wa maendeleo ndio tuliosaidia kuiandika, na kumbukumbu za mkutano ule zilipoletwa ofisini tulitia sahihi. Hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Alipofariki ndipo tukachanga: jeneza, gari, chakula cha wageni. Jumla ilipita mara tatu michango aliyokosa.

Pasaka ile tuliungama? Wengi wetu, ndiyo. Je, tuliungama hilo? La. Hatukuliona kuwa dhambi kwa sababu lilikuwa kwenye katiba. Hukumu inatutia hofu hapo hasa, si kwa dhambi tunazozijua, bali kwa zile tulizozipitisha kwa kunyoosha mikono.

Mtu atasema, "Lakini Mungu ni mwenye huruma." Ndiyo, na huruma hiyo ndiyo inayotupa wiki hizi.

Basi tunaomba kila kikundi kifungue daftari kabla ya Krismasi. Msitafute tu wale wanaodaiwa. Hao mnawajua hata usingizini. Tafuteni majina yaliyopigwa mstari. Ulizeni kwa nini. Nendeni nyumbani kwake, wawili au watatu, wala msiende na maneno mengi. Kama ana hisa, mrudishieni. Kama amefariki, kuna watoto. Na ile sheria ya mara tatu iwekewe kifungu cha ugonjwa na msiba.

Mmoja mmoja vilevile. Aliyesogeza mpaka wa shamba, aliyeazima jembe likawa lake, aliyemnyima kibarua ujira wa siku mbili, aende huko kwanza, kisha aje kwenye kitubio.

Kile kikundi cha akina mama kinakutana Jumamosi hii. Watoto watatu wa marehemu wako kwa nyanya yao, ng'ambo ya mto. Mbuzi yule amekwisha kuzaa mara mbili. Ndiyo ajenda ya kwanza, nasi tutakuwepo.