KIMYA CHETU NDICHO KIBALI CHAO

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini kuhusu ardhi ya miji midogo



Tumekutana kuzungumza juu ya ardhi, lakini leo hatutayagusa mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi. Tutazungumza juu ya ploti: ploti iliyo nyuma ya soko, uwanja wa shule ya msingi, kipande kilichoachwa kando ya barabara ili siku moja barabara ipanuliwe, mahali palipotengwa kwa zahanati ambayo haijajengwa bado. Katika mji mdogo, vipande hivyo ndivyo urithi wote wa umma. Vikishatoweka, watoto wetu watacheza barabarani na mama mboga atauzia mtaroni.

Dai letu ni moja. Mji hupoteza ardhi yake siku ombi linapopita ofisini bila mtu kuuliza. Siku ya mabati na tingatinga huja baadaye, na anayengoja siku hiyo amechelewa.

Nani huamua?

Hadi mwaka 2013 miji yetu ilitawaliwa na mabaraza ya madiwani. Wengi wetu twakumbuka jinsi mambo ya ploti yalivyoamuliwa na wachache, na jinsi wananchi walivyozipata habari kwa kuona bikoni mpya zimechimbiwa. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 nayo ikaleta bodi za manispaa na kamati za miji. Baada ya marekebisho ya mwaka 2019, eneo lenye wakaazi wasiopungua 50,000 laweza kufanywa manispaa na kupewa bodi. Ndiyo maana miji ambayo jana ilikuwa vituo vya soko leo ina bodi, mwenyekiti na muhuri.

Bodi hiyo ina kazi nzito. Sheria yasema itasimamia matumizi ya ardhi, ugawaji wa ploti na utengaji wa maeneo ya makazi, biashara na viwanda, kwa kufuata ramani ya mipango ya mji na kadiri serikali ya kaunti itakavyoikabidhi mamlaka hayo. Idhini yenyewe ya kuendeleza ardhi hutoka kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Sheria hiyo hiyo yataka baadhi ya wajumbe wa bodi wapendekezwe na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, watu wa jua kali na wakaazi wa mitaa. Basi tujiulize hapa tulipo: mjumbe aliyeketi kwa jina la wakaazi ni nani? Ni chama gani kilimpendekeza? Aliporudi kutoka kikaoni, alimwarifu nani? Ikiwa hatuwezi kujibu, kiti chetu kina mtu lakini hakina sauti.

Safari ya ombi

Tulieleze jambo hili hatua kwa hatua, maana asiyeijua njia hawezi kumsimamisha mpitaji. Mtu mwenye ploti ya makazi anataka kujenga baa, au kituo cha petroli, au jengo la orofa sita. Hana budi kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi na kupata idhini ya kuendeleza. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yataka autangazie umma nia yake, na umma ualikwe kutoa pingamizi. Aghalabu tangazo hilo ni bango kwenye ploti yenyewe au mistari michache gazetini. Nakala za ombi hupelekwa kwa idara zinazohusika, kama vile barabara, afya, maji na maji taka, mazingira na upimaji, ili zitoe maoni. Kisha uamuzi hutolewa kwa maandishi. Asiyeridhika, awe mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi katika jambo hilo, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Akishindwa huko, aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sasa sikilizeni vyema, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha hotuba yetu. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, idhini itachukuliwa kuwa imetolewa. Nia yake ilikuwa njema: kumlinda mwananchi dhidi ya afisa anayekalia faili akingoja kitu kidogo. Lakini tuiangalie pia kwa jicho la mnyakuzi. Yeye hahitaji afisa atie sahihi kwenye uovu. Yamtosha faili lisahauliwe dawatini kwa miezi miwili. Hakuna aliyeamua, hakuna wa kulaumiwa, na msingi umechimbwa.

Tena tuhesabu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 humpa mwananchi haki ya kuandikia ofisi ya umma na kujibiwa katika siku 21. Rufaa ni siku 14. Anayeanza kuuliza baada ya uamuzi kutolewa aweza kujibiwa kwa mujibu wa sheria kabisa, na bado jibu likamfikia wiki moja baada ya mlango wa rufaa kufungwa. Kwa hiyo barua yetu sharti iandikwe siku bango linapoonekana, au kabla yake.

Tumekwisha kuyaona

Hatusemi haya kwa kutishana. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati miliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Hati hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Kila moja ilipita mezani kwa mtu, ikapigwa muhuri, ikaandikwa daftarini.

Tumeona pia kwamba sauti ikipazwa mapema husikika. Mwaka 1991 palipokuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, wananchi, Zarina Patel akiwa mstari wa mbele, waliupinga ukiwa bado mpango. Bustani ingalipo, na hadi leo watu huketi pale kupumzika na kubishana siasa. Sauti ikichelewa, gharama hupanda. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungukwa na ukuta. Wakaenda kuusukuma pamoja na wanaharakati, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi. Watoto hao walilipa kwa macho yao deni la watu wazima walionyamaza.

Na ikichelewa zaidi? Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ilihusu kiwanja cha ufuoni Nyali, ambacho kaunti ilisema kimeziba njia ya umma ya kwenda baharini. Mahakama ilisema kwamba hati ya kwanza haikupatikana kwa utaratibu wa sheria, kwa hiyo hata aliyekinunua baadaye hawezi kujikinga kwa hati yake. Huo ni ushindi mkubwa, na unakubaliana na Katiba, ambayo hailindi mali iliyopatikana isivyo halali. Lakini kiwanja hicho kiligawiwa mara ya kwanza mwaka 1989. Ni miaka 34 hadi hukumu. Ndugu zetu, tofauti ya siku 14 na miaka 34 ndiyo faida ya kusoma tangazo kwa wakati wake.

Wengi wetu twaijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mahubiri mengi humlaani mfalme na malkia, na ni haki. Lakini hatuna budi kuwakumbuka wazee wa mji ule. Barua ziliandikiwa wao. Wao ndio walioitisha kikao, wakaketi, wakatimiza walivyoagizwa. Laiti mmoja wao angesimama na kuuliza swali! Bodi zetu ndizo baraza la wazee wa leo, na shinikizo la wakubwa lingaliko.

Haki iwe kwa wote

Hata hivyo, tusiwe watu wa kupinga kila kitu. Si kila ombi ni wizi. Mjane anayetaka kufungua duka mbele ya nyumba yake, fundi anayeomba mahali pa karakana, mwenye ploti anayetaka kuwagawia wanawe, wote hawa wana haki ya kusikilizwa upesi na bila kutoa hongo. Mipango ya mji nayo yaweza kuwa fimbo ya kuwachapa maskini, kibanda kikibomolewa kwa jina la sheria ilhali jumba lililokalia hifadhi ya barabara linaachwa. Kwa hiyo pingamizi letu liegemee ramani, maji, barabara, afya na usalama. Likiegemea kabila la mwombaji, chama chake au husuda ya mafanikio yake, nasi tutakuwa wadhalimu.

Tuseme na lililo gumu zaidi. Makanisa pia ni waombaji. Twaomba ploti, twaomba kujenga ukumbi katikati ya makazi, na pengine twapokea ardhi kama zawadi kutoka kwa mwanasiasa siku ya harambee. Kabla ya kusema amina, tuulize: ardhi hii ilitengewa nini katika ramani ya mji? Kama ilikuwa ya soko au ya shule, msalaba juu yake hauibadilishi kuwa halali. Kanisa lisiloweza kuonyesha karatasi zake haliwezi kumwambia mnyakuzi aonyeshe zake.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mtaa na kila parokia iteue watu wawili au watatu wa kuitafuta ramani ya mipango ya mji, na kuandika orodha ya ardhi yote ya umma: shule, masoko, makaburi, mito, hifadhi za barabara. Orodha hiyo isomwe hadharani kila mwaka. Kisichojulikana kuwa cha umma huibwa bila kelele.

Pili, tabia ya kusoma bango iwe wajibu. Likionekana, lipigwe picha, tarehe iandikwe, na siku 60 zianze kuhesabiwa. Pingamizi lipelekwe kwa maandishi, nasi tubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo ofisini hayana ushahidi.

Tatu, tuhudhurie mabaraza ya wakaazi ambayo sheria ya miji imeyaweka, na huko tudai jambo dogo lenye nguvu: bodi ibandike ukutani, kila mwezi, orodha ya maombi yote yaliyopokelewa, tarehe zake na hatua yaliyofikia. Bodi yenye nia safi haitapoteza chochote, na afisa mwaminifu anayeshinikizwa gizani atapata ngao.

Ndugu zetu, kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi walidhani mageuzi yamekwisha kufika. Hayakuwa yamefika, mlango tu ndio uliofunguliwa. Watu hawakupigwa rungu barabarani ili tuwe na vyama vingi vya kuchagua na bodi moja ya kuogopa. Walitaka mwananchi awe na neno katika mambo yanayomgusa: maji anayokunywa, njia anayopita, uwanja wa mtoto wake. Neno hilo sasa tunalo kisheria. Sharti lisemwe, liandikwe, tena lifike ofisini kabla ya siku ya sitini.