Asiyejua Hawezi Kuchagua

(Hotuba kwa waumini na wapigania mageuzi, Marungu, Voi)



Twaanza na kanisa. Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura kwa mlolongo. Kila mtu aliona mstari mrefu ni wa nani. Hata hivyo, mahali pengi mwenye mstari mfupi alitangazwa mshindi. Gazeti la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, liliandika yale ambayo macho ya watu yalikuwa yameyaona. Mwaka uo huo likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Je, alipatikana na kosa la uongo? La. Alishtakiwa kwa kutowasilisha taarifa za mauzo ya gazeti. Sisi mawakili twaijua mbinu hiyo: anayeshindwa kuukana ukweli hutafuta kifungu cha sheria cha kumnyamazisha anayeusema.

Leo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 34, yaikataza Serikali kuviingilia vyombo vya habari. Hata hivyo, tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana, matangazo ya televisheni yalikatwa hewani, hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2024, wizara ziliagizwa kupeleka matangazo yao ya redio na televisheni KBC pekee. Hakuna haja ya kumfunga mwandishi unayeweza kumnyima chakula.

Basi twadai mambo mawili. Kwanza, matangazo yanayolipiwa kwa kodi zetu yagawanywe kwa sheria iliyo wazi, si kwa upendeleo. Pili, mwandishi wa mashinani alindwe na polisi, asiwindwe nao.

Nasi tuna wajibu. Bomba la maji ya Mzima lakatiza kaunti yetu kuelekea Mombasa. Ndovu hutuharibia mashamba. Ardhi ya ranchi hugawanywa. Nani aliamua, na kwa masharti gani? Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kuuliza, na Sheria ya mwaka 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Tuandike barua hizo, na majibu tuwape waandishi wayatangaze.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Taifa linaloficha maovu yake halitapona. Tusikubali kufumbwa macho, kisha tuambiwe tuchague.